Leseni ya Miti Mitatu

Mume wangu ni fundi wa mitumbwi. Nilipoolewa Kemondo nilimkuta tayari anasifika ufukweni kwa mitumbwi isiyovuja, na mpaka leo wavuvi wa visiwa vya Muleba wanamfuata yeye hata kama kuna fundi wa karibu zaidi. Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda changu cha kushonea karibu na soko, na kwa miaka mingi kazi zetu hazikuwahi kukutana. Jioni yeye alirudi na vumbi la mbao kwenye nywele, mimi na nyuzi kwenye gauni, tukala, tukazungumza mambo ya watoto na ya kibanja chetu cha migomba.

Kazi zetu zilikutana mchana mmoja nilipokuwa nashona sare za shule. Jirani alikuja mbio akasimama mlangoni, anahema.

"Mama, nenda ufukweni. Fundi wamemzunguka."

Niliacha cherehani na sindano ikiwa ndani ya kitambaa. Nilipofika nikaona gari la maliasili limeegeshwa karibu na mtumbwi uliofika nusu, na maofisa watatu wamesimama mbele ya rundo la mbao. Mume wangu alikuwa katikati yao, tezo mkononi. Mmoja wao alikuwa anarudia swali lilelile kwa sauti ya taratibu.

"Mzee, hati ya mbao hizi iko wapi?"

Hakuwa na hati. Maisha yake yote alinunua mbao kwa watu waliomletea pale pale ufukweni. Walishusha, wakapima, wakaondoka. Hakuna aliyewahi kumpa karatasi, na yeye hakuwahi kuiulizia. Hakuiba mti wa mtu, lakini alipoulizwa mbao zimetoka msitu gani, hakujua.

Walizipakia zote. Kilichoniuma si mbao. Walimpa fomu asaini kukubali kwamba zimekutwa kwake, naye akaiweka juu ya ubavu wa mtumbwi akaanza kuandika jina lake, herufi moja moja, ameikaza kalamu kama mtu anayechonga. Aliishia darasa la tatu. Watu walikuwa wengi, na wote walingoja mpaka alipomaliza herufi ya mwisho. Kisha wakamwonya kwamba akikutwa tena atapelekwa mahakamani, wakaondoka.

Mtumbwi ule ulikuwa umeagizwa na mama mmoja mchuuzi wa dagaa anayeishi kisiwani. Asili yake ni upande wa Mara, kama walivyo wengi kule visiwani waliokuja kufuata samaki. Alikuwa ameajiriwa kwenye mitumbwi ya wenzake tangu ujana, akianika dagaa za watu, na huu ungekuwa mtumbwi wake wa kwanza. Aliposikia alivuka akaja. Nilidhani atafoka. Aliuzunguka mtumbwi ule uliokuwa nusu, akaupapasa, akamwambia mume wangu, "Fundi, nitasubiri mpaka masika yaishe. Lakini nautaka utoke kwenye mikono yako, sio ya mwingine."

Mume wangu aliitikia, lakini tangu siku ile hakwenda ufukweni. Alishinda kwenye kibanja anapalilia migomba aliyokwisha kuipalilia. Nilimwacha wiki nzima. Siku ya nane nikamfuata huko huko kwenye migomba.

"Baba, mbao za halali watu wanazipataje?"

"Wenye ofisi ndio wanajua."

"Basi tuwaulize."

"Mimi ofisini siendi," alisema bila kuinua uso. "Wameshaniona."

"Nitakwenda mimi."

Hapo aliinua uso. "Wewe? Mke wangu ndiye akanitafutie miti?"

"Kwani mimi sili kwa mitumbwi hiyo?"

Aliinama akaendelea kupalilia. Nilichukua hilo kuwa ruhusa.

Miti nilijua nitaitafuta wapi. Nilizaliwa Ijumbi, na juu ya kijiji chetu kuna msitu ulio kwenye ardhi ya kijiji. Tulipokuwa wasichana tulipanda huko kuokota kuni kavu, na tulikuwa tukipumzika chini ya miti mirefu ambayo kwa Kihaya tunaiita omuhumula, iliyonyooka, isiyo na matawi mpaka juu kabisa. Mume wangu alikuwa akisema kila mara kwamba mbao ndefu zisizo na vifundo ndizo zinazompa ubavu mzuri wa mtumbwi. Kwa hiyo nilivaa kitenge changu kizuri, nikapanda gari mpaka Muleba mjini, nikauliza ilipo ofisi ya misitu.

Afisa misitu alikuwa mtu mzima mwenye miwani, na meza yake ilijaa mafaili pande mbili, amebakiza nafasi ya mikono tu. Nilimsalimia, nikamweleza kwamba natafuta kibali cha kukata miti.

"Wewe ni mfanyabiashara wa mbao?"

"Hapana. Ni fundi cherehani."

Alivua miwani akanitazama. "Unataka kushona mbao, mama?"

Nikacheka, naye akacheka kidogo, na kile kicheko kilinisaidia. Nilimweleza habari yote, pamoja na ile ya mbao zilizochukuliwa. Sikuficha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Vizuri umekuja kabla ya kukata. Wengi huja wakiwa wameshakata." Ndipo akanieleza. Ningeanza kijijini, kwenye kamati ya maliasili. Wakikubali wangeandika muhtasari wa kikao na kuugonga muhuri. Muhtasari ungekuja kwake pamoja na barua yangu, na kamati ya wilaya ingekaa kuamua. Ikikubali ningelipia na kupewa leseni, kisha yeye mwenyewe angekwenda kuigonga miti kwa nyundo ya serikali yenye alama kabla haijakatwa. Na mbao zikishapasuliwa, zisingetoka Ijumbi bila hati ya kusafirishia. Niliandika yote kwenye daftari langu la vipimo vya wateja, katikati ya kifua cha mtu na nyonga za mwingine.

"Sasa niambie," akasema, "unataka miti mingapi na mikubwa kiasi gani?"

"Mitano. Mikubwa."

"Serikali haina kipimo kinachoitwa mikubwa."

Akanifundisha: mti unapimwa kwenye urefu wa kifua cha mtu mzima, unazungushwa kamba, halafu unatafuta kipenyo. Aliponiambia nigawanye kwa pai, nilimjibu papo hapo, "Ishirini na mbili kwa saba." Aliniangalia mara ya pili. Hesabu za darasa la saba nilizipenda sana, ila sikuwahi kudhani zitanifaa nje ya mtihani.

Jumamosi nilipanda Ijumbi. Nilifikia kwa kaka yangu, anayeshika kibanja cha marehemu baba yetu, nikaingia msituni na futi yangu ya kupimia nguo. Futi ya cherehani ina sentimita mia na hamsini tu, na miti ile ilikuwa minene kuliko mteja yeyote niliyewahi kumpima. Ikabidi niiungie utepe kwa pini na kuukumbatia mti ili niupokee upande wa pili. Wanawake wawili waliokuwa wakishuka na kuni walisimama kunitazama. Mmoja akasema, "Dada, unaushonea gauni?" Nikamjibu ndiyo, ila mti bado haujaniambia unapenda rangi gani. Lakini nilipima miti kumi na mmoja siku ile, nikaandika kila mmoja ulipo, na jioni mikono yangu ilikuwa imechubuka kwa magome.

Kuna jambo moja nililifanya bila kuambiwa na mtu. Chini ya msitu ule kuna chemchemi tunayoteka maji tangu enzi za bibi zetu. Miti mizuri kuliko yote iko karibu nayo. Niliipima, nikaitamani, kisha nikaifuta kwenye daftari. Niliyoiacha kwenye orodha ni ile ya upande wa juu, mbali na maji.

Kikao cha kamati ya kijiji kilifanyika kwenye ofisi ya mtendaji. Walikuwa watu tisa, wanawake watatu kati yao. Nilisoma barua yangu nimesimama. Nilipomaliza mwenyekiti alijikohoza, akaanza kwa neno la heshima la Kihaya.

"Waitu, dada yetu, tunakufahamu. Tulimfahamu na baba yako. Lakini wewe ulishaolewa Kemondo. Miti ya Ijumbi ni ya watu wa Ijumbi."

Hilo neno nililisikia mara nyingi tangu nilipokuwa mdogo, kwamba msichana ni mpitaji kwao. Kibanja harithi, shina la kahawa harithi. Sikupanga kujibu nilivyojibu.

"Mwenyekiti, mwaka moto ulipopanda msituni nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilibeba maji pamoja na watu wote. Hakuna aliyeniambia rudi nyumbani, utaolewa."

Halafu mwanamke mmoja wa kamati, niliyesoma naye shule ya msingi, akasema, "Ni kweli, alikuwepo. Na mimi nilikuwa nyuma yake." Mzee mmoja akaomba kuona orodha yangu ya miti. Akauliza kila mti ulipo, nami nikamwonyesha.

"Mbona huku chemchemini hujaandika kitu? Ndiko iliko minene."

"Ndiyo maana sikuandika."

Hawakuniamini kwa maneno. Wiki iliyofuata walipanda msituni wenyewe, tukazunguka mti kwa mti. Niliomba mitano, wakanikatalia miwili kwa sababu ilikuwa bado inakua, wakanipa mitatu. Na sharti: kwa kila mti mmoja nipande ishirini na nirudi kuitunza. Nilikubali. Mwenyekiti aliandika muhtasari kwa mkono wake, na pale penye jina la mwombaji aliandika jina langu, akaongeza kwa maneno yake mwenyewe, "mzaliwa wa kijiji hiki." Niliyasoma maneno yale njia nzima ya kurudi Kemondo.

Nikadhani sasa ni kupeleka tu. Afisa misitu alisoma muhtasari ule akanirudishia.

"Hauna tarehe ya kikao."

Nikarudi Ijumbi. Tarehe ikaandikwa. Nikaupeleka.

"Waliohudhuria ni tisa, sahihi ni nane."

Nilitaka kulia mbele yake. Nilimwambia kwamba nauli ya Kemondo kuja Muleba na Muleba kwenda Ijumbi si ndogo, na kwamba mjumbe mmoja alisahau tu. Alinijibu bila ukali, "Mama, siku moja mtu atakuja kuuliza miti hii ilikatwaje. Nataka aulize asipate kosa." Nilitoka nimekasirika. Nilimsema vibaya kwa kaka yangu jioni ile. Lakini nikamtafuta yule mjumbe wa tisa mpaka shambani kwake, akaweka sahihi katikati ya mibuni yake, karatasi imelazwa juu ya ndoo.

Mara ya tatu afisa alisoma ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, akafungua faili jipya na kuandika jina langu juu yake.

Kamati ya wilaya ilichukua muda wake. Mvua zilianza. Niliona mume wangu ameanza kunoa vifaa vyake. Simu ilipokuja nilikuwa nampima bibi harusi. Niliambiwa nifike Muleba. Nikapewa namba ya malipo, nikalipa kwa simu nikiwa nimekaa kwenye benchi la nje, na baada ya saa moja nikaitwa ndani kuchukua leseni. Ilikuwa karatasi moja. Jina langu kamili, kijiji, aina ya mti, idadi mitatu, ujazo, na muda wa kuvuna. Nilitoka nikakaa tena kwenye lile benchi nikaisoma kwa sauti ya chini, kama mtoto anayejifunza kusoma. Sikuwa na karatasi nyingine ya serikali yenye jina langu peke yangu isipokuwa cheti cha darasa la saba na kitambulisho.

Siku ya kugonga nyundo afisa alifika Ijumbi kwa pikipiki, amevaa mabuti ya mpira. Alirudia kupima kila mti.

"Huu nani alikupimia?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa kipimo gani?"

"Kwa futi ya nguo."

"Umekosea sentimita mbili." Akaandika. "Nina watu waliosomea wanaokosea zaidi." Kisha akachonga gome kidogo chini ya shina, akainua nyundo akaigonga. Alama ilijichora kwenye mti mbichi, herufi na namba. Aligonga miti mitatu, akashuka.

Wapasuaji walikuwa wawili. Mkubwa wao alikuwa mtu wa huko huko ambaye mume wangu alimjua kwa miaka mingi, na mume wangu ndiye aliyenielekeza nimpe kazi. Nilikuwa nakwenda kila Ijumaa kuwaona. Waliangusha miti, wakaipasua kwa msumeno, mbao zikapangwa juu ya vijiti zipigwe upepo. Kazi yao ilikuwa safi, sina la kusema. Msitu ulinukia maji ya mti mbichi.

Siku ya kupakia nilifika mapema na lori likiwa tayari njiani. Kutoka kwenye ujazo wa leseni nilikuwa nimeshapiga hesabu ya mbao zinazotarajiwa, ubao kwa ubao. Nikahesabu rundo. Zilizidi. Nikadhani nimekosea, nikahesabu tena. Zilizidi kumi na nne.

Nikamuuliza yule mpasuaji mkubwa. Akatabasamu.

"Mama, kulikuwa na kamti kalikuwa kanatuzuia kuangusha ule wa tatu. Tulikaondoa. Sasa tukatupe? Ni zawadi yako hiyo."

"Kalikuwa na nyundo?"

"Kadogo vile kana nyundo gani?"

Nilimwambia anipeleke. Kisiki cha mti wa nne kilikuwa hatua nyingi kutoka mti wa tatu, na wala hakikuwa kidogo. Ulikuwa mmoja wa ile miwili niliyokatazwa. Walikuwa wamekifunika majani.

Nilirudi kwenye rundo. Dereva alikuwa amefika. Aliposikia akasema zipangwe chini kabisa, hakuna mkaguzi anayeshusha lori zima. Mpasuaji akasema, "Mume wako hana tabia hizi. Tumefanya naye kazi miaka yote." Wote wawili walikuwa wananitazama kama mtu anayetaka kuharibu siku nzuri. Na kweli, nilifikiri kuziacha. Sitajifanya malaika. Masika yalikuwa yanaelekea mwisho, mama wa dagaa anasubiri, na kama ningesema huenda mzigo wote ungezuiliwa.

Nilisogea pembeni nikampigia mume wangu. Nilimweleza yote.

"Leseni ina jina la nani?" akauliza.

"Langu."

"Basi amua wewe. Utakaloamua na mimi nimo."

Nikakata simu, nikampigia afisa misitu. Nilimwambia kuna mti wa nne umekatwa chini ya leseni yangu bila nyundo, na kwamba sikuukata mimi ila niko hapa na mbao zake. Hakusema asante, hakusema pole. Alisema, "Mzigo usiondoke. Nakuja kesho asubuhi."

Dereva aliondoka kwa hasira kwenda kutafuta mzigo mwingine. Mpasuaji aliniambia maneno ambayo sitayaandika. Nilikaa juu ya mbao zangu mpaka kaka yangu alipokuja kunichukua.

Asubuhi yake afisa alikuja na mwenyekiti na kamati nzima ya kijiji. Waliona kisiki, wakahesabu, wakapima. Mpasuaji alikiri, na alipigwa faini na kuzuiwa kufanya kazi katika msitu ule. Mbao zile kumi na nne zilitengwa, zikagongwa alama, zikachukuliwa. Nilisimama nikisubiri zamu yangu. Nilikuwa nimeshakubali kwamba leseni itafutwa.

Afisa alimgeukia mwenyekiti. "Mnasemaje kuhusu huyu mama?"

Mwenyekiti hakufikiri. "Huyu ametulindia msitu wetu. Apewe mbao zake."

Afisa alifungua begi akatoa kitabu cha hati za kusafirishia, akaandikia magotini, akagonga mbao zangu moja moja mpaka mkono ukachoka akabadilisha. Aliponikabidhi hati alisema neno moja tu: "Safiri." Yule dereva alipigiwa simu, akarudi amenuna.

Kwenye kizuizi cha ukaguzi barabarani kulikuwa na malori mawili mbele yetu, na moja lilikuwa linashushwa mzigo wote chini, ubao baada ya ubao, kwa sababu karatasi na mzigo havikulingana. Dereva wangu aliyaona yale, akakaza mikono kwenye usukani. Ilipofika zamu yetu nilishuka mwenyewe na faili langu. Mkaguzi kijana alipanda juu, akahesabu, akaangalia alama kwenye vichwa vya mbao, akashuka, akahesabu tena kwenye karatasi.

"Mwenye mzigo yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Ni wewe, mama?" Akanirudishia hati kwa mikono miwili. "Kila kitu kiko sawa. Nendeni salama."

Dereva aliendesha taratibu mpaka tulipoliona ziwa. Hapo akasema, "Mama, siku ukipata mzigo mwingine, niite mimi." Niliangalia dirishani ili asinione ninavyocheka.

Mume wangu alikuwa ufukweni. Sikumwambia saa ya kufika, lakini alikuwa pale amevaa nguo za kazi, na mafundi wenzake wamemzunguka. Lori lilipofunguliwa alivuta ubao wa kwanza, akaugeuza kutazama kichwa chake, akapitisha kidole gumba juu ya alama ya nyundo. Akauliza inasomekaje. Nikamsomea herufi na namba. Akairudia mwenyewe, taratibu, kisha akaita wenzake waje waione.

"Hii sasa," akawaambia, "ukiulizwa imetoka wapi, unajua."

Alisubiri mbao zimalizie kukauka, halafu akaujenga mtumbwi ule kama mtu aliyerudishiwa mikono yake. Mimi nilikuwa napita mchana na chakula, nikiwa na haraka ya kurudi kwa wateja wangu, na mara nyingi haraka yenyewe niliisahau nikakaa. Nilijifunza majina ya vipande. Niliona ubao niliouhesabu Ijumbi unapindishwa taratibu kufuata ubavu, na pamba iliyochovywa mafuta inasukumwa kwenye viungo. Mama wa dagaa alivuka kuja kuuchukua wiki mbili baada ya masika. Alileta dagaa debe zima, zilizokaushwa vizuri, zisizo na mchanga. Nilimpa nakala ya karatasi zote ndani ya mfuko wa nailoni.

"Hizi za nini?"

"Ukiulizwa mtumbwi wako umetokana na miti gani."

Aliutia mfuko ule ndani ya blauzi yake, akapanda. Watu wa ufukweni wakausukuma mtumbwi majini, ukakaa sawasawa, haukuinama upande wowote. Alipiga vigelegele peke yake kule majini mpaka sisi wa nchi kavu tukaona aibu tukamjibu.

Miche sitini niliipanda Ijumbi mvua zilizofuata, pamoja na yule mwenzangu wa shule na wanawake wa kuni. Saba ilikufa, nikaipandikiza upya. Tangu hapo nimepata leseni nyingine mbili. Kamati ya Ijumbi inanipokea kwa kahawa za kutafuna na kunikatalia miti kama inavyomkatalia mtu mwingine yeyote, na hivyo ndivyo ninavyopenda.

Siku hizi watu wanakuja kwenye kibanda changu cha kushonea na karatasi. Mwezi uliopita alikuja seremala mmoja kutoka Nshambya, mtu mzima kuliko mimi, ameelekezwa na watu. Alisimama mlangoni akidhani amepotea njia, anaangalia sare za shule zilizotundikwa.

"Namtafuta mtu wa vibali vya misitu," akasema.

Mume wangu alikuwa amekuja kuchukua ufunguo. Kabla sijafungua mdomo, akamvutia mgeni kiti.

"Umefika," akamwambia. "Kaa hapo. Mke wangu akimaliza kupiga huo upindo atakueleza, na ukiandika, andika anavyosema yeye."